Karatasi Nane Zenye Muhuri

Jumatatu, 16 Juni 2025. Tunduma.
Siku mbaya. Zabuni ya kujenga nyumba ya mganga wa zahanati kule Igamba inafungwa Jumatatu ijayo. Wanataka hesabu za miaka miwili na cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi. Sina hesabu. Nina kiroba cha risiti. Kampuni yangu ni mafundi sita, mashine moja ya kuchanganyia zege, na mimi. Nikiikosa kazi hii, mashine inauzwa. Samwel, mkandarasi mwenzangu na adui yangu, ana kila kitu. Nimekutana naye stendi, faili kwapani. Akanipa pole kabla sijamwambia neno!

Mke wangu Tupokigwe amesema niende kwa mhasibu. Nikamwambia mhasibu wa nini, hesabu zote ziko kichwani. Akasema basi kichwa hicho nikakiambatanishe kwenye zabuni.

Jumanne, 17 Juni.
Vwawa, kwa mhasibu. Anaitwa Felista. Miwani, hacheki. Kamwaga kiroba chote mezani. Saruji, nondo, mchanga. Halafu suti yangu. Halafu kitanda. Nikasema kitanda ni cha mafundi. Akauliza mafundi sita wanalalaje kitanda kimoja. Kwa zamu, nikasema.

Kisha akaniuliza: “Kaka Ezron, halmashauri walipokulipa yale madarasa ya Iyula, hawakukupa karatasi zenye muhuri, zimeandikwa kodi ya zuio?”

Ninazo! Nane. Nilipoona neno kodi nikajua ni madeni, nikaenda kuzificha kwa mama, Iyula, ndani ya gunia kuukuu la kahawa. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba karatasi kama hizo sijawahi kuziona. Akaandika kitu. Simpendi mtu anayeandika huku amenyamaza.

Jumatano, 18 Juni.
Mpango! Ushahidi ukipotea, deni nalo limepotea. Nimempigia mama asubuhi, nikamwambia achome karatasi zilizo kwenye gunia. Akauliza kwa nini. Nikasema zina wadudu. Akaitikia, akaniuliza kama nakula vizuri. Baada ya hapo nimekula vizuri sana. Sahani mbili.

Alhamisi, 19 Juni.
Felista kapiga simu. Bila zile karatasi nadaiwa milioni nne na laki sita. Nikauliza, kwa kujua tu, je, zingekuwepo?

“Zingekuwepo hudaiwi hata senti. Halmashauri walishakukata hiyo kodi kabla ya kukulipa. Karatasi ndizo ushahidi kwamba umelipa.”

Nikakaa chini. Chini kabisa, kwenye kokoto.

Simu ya mama haipatikani. Nikapanda gari mpaka Vwawa, kutoka hapo bodaboda. Njia nzima naona moshi kwenye miji ya watu, na kila moshi nauona ni milioni nne na laki sita. Nyumbani kwa mama moshi ndio usiseme. Nikaruka kabla pikipiki haijasimama, nikaangukia mahindi yaliyoanikwa. Mama akatoka jikoni, akaniuliza nimekuja kulala au kusalimia.

Nikauliza karatasi ziko wapi.

“Mwanangu, zile zina ngao ya taifa. Kitu chenye ngao ya taifa nikichome mimi, nifungwe?”

Alichoma gunia. Alisema wadudu walikuwa humo. Karatasi kazinyoosha kwa pasi ya mkaa, kazipanga ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Zote nane! Nikamkumbatia mama mpaka akapiga kelele. Nililia kidogo. Nikamwambia ni pumba za mahindi.

Ijumaa, 20 Juni.
Felista kazihesabu mara mbili. Akauliza zimetoka wapi ikiwa sijawahi kuziona. Nikasema zimejitokeza. Akacheka! Kumbe ana mwanya. Kisha akanieleza taratibu kwamba kitanda kinatoka kwenye hesabu. Nikakubali. Nilivyokuwa na raha, angetaka kutoa na nyumba ningekubali.

Jumatatu, 23 Juni.
Cheti mkononi, na hesabu za miaka miwili alizopanga Felista. Zabuni nimeiingiza saa nne, wanafunga saa sita. Mlangoni nikakutana na Samwel, akaniuliza mhasibu wangu ni nani. Nikamwambia nafanya mwenyewe. Nimelala mchana, kitu ambacho sijafanya tangu Pasaka.

Ijumaa, 11 Julai.
Nimepata kazi! Mashine ya zege haiuzwi. Tupokigwe kachinja jogoo, mafundi wote sita wamekula kwetu. Felista kanitumia daftari kubwa la mistari na maagizo: kila jioni niandike kilichoingia na kilichotoka. Kila jioni!

Jumapili, 13 Julai.
Nimelishinda daftari. Nimetoka kanisani, nikakaa mezani, nikaandika kwa mkupuo mpaka tarehe 31 Desemba. Saruji ya Septemba, nondo za Oktoba, mafuta ya mashine. Novemba nimejiwekea hasara kidogo, ionekane ya kweli. Tupokigwe kachungulia, akauliza vibarua gani hao ninaowalipa siku ya Krismasi. Ana jicho mwanamke huyu. Nimewafuta, nikaweka tarehe 27.

Kesho nampelekea Felista. Mteja aliyemaliza hesabu za mwaka mwezi Julai hajawahi kumpata.