Vyumba Vilivyogoma Kurudi Ndani

Royce Tuttle alikuwa na kijiko cha maharage mdomoni simu ilipolia.

"Royce, mimi Boyd Haskell. Unanikumbuka?"

"Boyd, kaka yangu! Sakafu inasemaje?"

"Imeachama. Jana mguu wangu umezama mpaka pajani, mke wangu ikabidi aning'oe kama muhogo. Shemeji yangu, uliyemuuzia naye, amekuona kambini hapo. Kesho nakuja. Tela yako naijua kwa lile tai la mabawa ulilolichora ubavuni."

Akakata. Maharage yakakosa ladha.

Kazi ya Royce ilikuwa safi, ukiitazama kwa juu tu. Alinunua tela kuukuu za kuishi, zile zinazovutwa na gari, akatandika zulia la plastiki lenye kung'aa juu ya mbao zilizooza, akawauzia wastaafu wanaokuja Arizona kukimbia theluji. Hakuwahi kung'oa ubao hata mmoja. Aliamini kilichofunikwa kimekwisha tengenezwa, na wako wengi wanaoamini hivyo mpaka wadumbukie.

Sasa ilimbidi aondoke kabla ya kesho, tena asiondoke na lile tai. Akatoka kuzunguka kambini, kati ya safu za tela zilizoegeshwa, mikono mfukoni, macho kazini.

Mwisho wa safu akaiona tela nyeupe, ubavuni haina hata ua. Kwenye dirisha kibao: NABADILISHANA. Mlangoni ameketi bibi mdogo wa umbo, jina lake Verna, anafuma soksi. Mjane. Royce akamshukuru Mungu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Mama, shikamoo. Naweza kuchungulia?"

"Marahaba. Ingia, ila vua viatu."

Alipoingia akasimama. Tela hizi, asiyezijua aelewe, zina vyumba vya kuchomoza: ukiegesha unabonyeza swichi, ubavu mzima unatoka nje kama droo ya kabati na sebule inapanuka. Ukitaka kusafiri unabonyeza tena, droo inarudi ndani. Isiporudi huendi popote, maana barabara haikutoshi. Ya Bibi Verna vyumba vyote vilikuwa nje, na chini palilala sakafu ya mwaloni halisi, nene, inang'aa mpaka Royce akajiona pua.

"Mama! Mbao hizi au dhahabu?"

"Ni kazi ya marehemu mume wangu, Einar. Aliimaliza mwezi mmoja kabla hajanitangulia."

"Sasa mbona unaiacha?"

"Joto linakuja, mwanangu. Nakwenda kwa binti yangu Minnesota. Nataka kitu chepesi, cha kuvuta."

"Mimi ninacho hicho chepesi!"

Wakaenda kukiona. Tela ya Royce ilikuwa na vyumba vyote ndani, kama kawaida yake anapoonyesha. Katikati ulibaki ujia mwembamba, zulia linameremeta. Vyumba vikiwa ndani vilikalia ile sehemu ya sakafu iliyooza, isionekane na mtu wala nzi.

"Mbona umeifunga?" Bibi Verna akauliza.

"Nilikuwa njiani kuondoka, mama. Ila ukitaka niifungue..." Akasimama mbele ya swichi, akaiziba.

"Aa, usijisumbue."

"Basi nami ile yako sitakusumbua uifunge."

"Tena umenifaa. Vikombe vyangu vyote viko mezani."

Wakatazamana kwa upendo, kama mawifi siku ya arusi.

Wanangu mnaosoma haya, mkionyeshwa nyumba ya namna hii, semeni ifungwe, halafu semeni ifunguliwe. Mtu akiwaambia msijisumbue, hapo ndipo mjisumbue sana. Nawaambieni kwa kuwa sitakuwapo siku hiyo kuwashika mkono.

Bibi Verna akainama, akanusa. "Kuna harufu."

"Ya usafi, mama."

"Ya uyoga."

"Ah! Jana nilipika uyoga."

"Ulipika chini ya kochi?" Akacheka, akamgonga bega. "Haya, twende kwa karani."

Jioni hiyohiyo wakaandikishana kwa karani wa kambi. Asubuhi, tai lile likafungwa nyuma ya pikapu ya bibi. Royce alimfungia mwenyewe, kwa heshima zote, huku akitazama barabara isije ikamleta Boyd mapema. Bibi akateremsha kioo.

"Zile mbao mbovu chini ya vyumba nitaziondoa nikifika. Mkwe wangu ni seremala."

Royce akaushika mlango wa pikapu. "Mbao gani, mama?"

"Usinichoshe, mwanangu. Nimeishi na fundi miaka yote hiyo, kuoza sikujui?"

"Sasa... kwa nini umekubali?"

"Kwa sababu tela yako inatembea."

Akaondoka. Vumbi likamfunika Royce mpaka kwenye kope.

Akakimbilia ndani, akabonyeza swichi. Chumba kikasogea kiganja kimoja, kikagonga mwaloni, kikanguruma. Tela nzima ikatetemeka. Akabonyeza tena, ikatoka harufu ya waya kuungua. Ndipo akapiga magoti, akaona. Chumba kinaporudi hupita juu ya sakafu ya kati, karibu sana, hapapiti hata kidole. Einar, Mungu amrehemu, alipiga mwaloni mnene vile vyumba vikiwa nje, ukasimama njiani kama kizingiti. Alijenga sebule nzuri kuliko zote Arizona, akaipigilia hapohapo milele.

Jua likapanda. Royce akaazima mtarimbo kwa jirani, akaanza kung'oa. Mara ya kwanza maishani mwake! Marehemu alikuwa hana masihara: kila ubao misumari kama meno ya mamba. Royce akavuta, akalia, akatukana, akaomba msamaha, akavuta tena. Kelele zikafika lango la kambi.

Mlangoni kukaingia kivuli kikubwa.

"Samahani fundi," sauti ikasema. "Nilikuwa namtafuta tapeli mmoja mwenye tela ya tai, simwoni. Ila nimesikia mtu anang'oa sakafu, nikasema angalau nipate fundi. Yangu imetoboka."

Royce hakugeuka. Akaendelea kuinamia ubao, akakohoa kwa sauti nene. "Nina kazi nyingi, mzee."

Kivuli kikasogea karibu.

"Royce?"

"Siye."

"Royce, nayajua hayo masikio."

Boyd akaingia ndani. Akatazama mtarimbo, mbao, malengelenge ya mikononi. Kisha akavuta kiti, akaketi palepale mlangoni, na mlango ulikuwa mmoja tu.

"Endelea."

"Boyd, kaka..."

"Nimesema endelea. Nilikuja kukuvunja, lakini naona una kazi. Ukimaliza hii, yangu iko nje. Utaing'oa yote, uozo wote, uweke mbao mpya mpaka kwenye kingo."

"Kusema kweli, mimi hii kazi siijui."

"Naona sasa hivi unaisoma. Mke wangu atakupikia. Hutakufa njaa."

Kambi ikaisha watu, wote wakaenda zao kaskazini. Joto likaja. Wakabaki watatu: Boyd na kiti chake, mkewe na sufuria, na Royce chini, magoti yamevimba, anakata, anapima, anakata upya. Akipiga zulia juu ya ubao mbovu, Boyd analifunua bila neno.

Siku ya kumaliza, Boyd akasimama katikati ya tela yake, na mabuti yake makubwa. Akakunja magoti.

"Ngoja, ngoja kwanza!" Royce akapiga kelele, akafumba macho.

Boyd akaruka. Sufuria zikagongana kabatini. Sakafu haikusema kitu.

Royce akafumbua jicho moja, akatabasamu kama mzazi.

"Nzuri," Boyd akasema. "Sasa njoo ukaione ya shemeji yangu."