Kabula Amehesabu Kuku Wangu

Leo nimeaibika, tena ukutani, tena kwa projekta!

Mnajua nafundisha hesabu watoto wenye mahitaji maalumu hapa Kizwite. Yupo binti mmoja, Kabula, kichwa chake huenda polepole. Muhula mzima nahesabu naye, hajawahi kutamka hata moja. Asubuhi baba yake katokea, mfugaji kutoka Kaoze huko bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimemfuata mtoto. Kama hata kuhesabu hajui, si bora akakae na mama yake?"

Nikamwomba aone japo kipindi kimoja. Simu nilishaiunganisha na projekta, nimepakua picha za ng'ombe makusudi (mfugaji atapenda, najiona mjanja). Nikagusa.

Ng'ombe wako wapi! Ikafunguka video aliyonirekodi mdogo wangu Jumapili. Mimi huyo, blanketi begani, soksi za mume wangu hadi magotini (baridi ya Sumbawanga mnaijua, msinihukumu), mwiko mkononi, nafukuza kuku jikoni. "Mmemwaga unga wangu! Nyie Krismasi hamfiki!" Sauti nayo mpaka mwisho.

Nabonyeza, wapi! Vidole vimejaa chaki. Nikafuta kwenye sketi, nikabonyeza tena, video ikaganda. Imeganda nimeinama, mdomo wazi, ukuta mzima! Watoto hoi kwa kicheko. Mzee anatazama viatu vyake. Nikajua basi, Kabula anaondoka, na sababu ni mimi na kuku zangu.

Kabula hacheki. Akainuka, akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya kuku. "Moja." Akasogea. "Mbili. Tatu. Nne." Akachuchumaa penye ndoo, palipotokeza mkia tu. "Tano."

Mimi machozi hayo, hata siyafichi. Baba yake kavua kofia.

Kidole kikapanda taratibu, kikatua puani kwangu pale ukutani. "Sita."

"Hapo amekosea, mwalimu," mzee akanong'ona, anabana kicheko.

"Hajakosea! Niachie mtoto, mzee wangu."

Akamtazama binti yake, akavaa tena kofia. "Namwacha."

Nimempa Kabula vema zote sita. Msinicheke, jamani. Kuku wa sita kesho ana kipindi cha kwanza.