Vijungu vya Mbah Karso

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Mchana kutwa kushusha viti vya kukodisha, jioni kusikiliza ngoma ya mtoto wa jirani yangu Tukijo kupitia ukutani. Yeye na mpwa wangu Lintang wako kidato cha mwisho, shule ya muziki, mtihani Jumamosi. Tukijo, muuza tofu, alipita na baiskeli yake akauliza kama Lintang naye anafanya mazoezi au anangoja kuoteshwa usingizini. Nikaendelea kupanga viti. Heshima yangu.

Shida ya Lintang ni bonang, ile safu ya vijungu vya shaba. Shule inayo moja, wanaoigombania ni darasa zima. Akifeli, dada yangu Murtini ameshasema: kisiwa cha Batam, kazi ya kiwandani, kwa shangazi yake. Begi limeshashushwa kabatini. Lintang analiona kila akila.

Nikamwambia aniachie mimi, niliyempigia mwana wa mfalme gong kubwa ya shaba mpaka kuku wa mji mzima wa Solo wakalala mchana. Akasema mwaka jana walikuwa bata.

Jumatano, 6 Machi
Mpango umeiva. Mbah Karso, bibi kizee, mjane wa mchezesha vikaragosi, ana seti nzima ya gamelan, gong, vijungu na ngoma, inakula vumbi. Nimemwahidi viti bure siku ya kutahiriwa kwa mjukuu wake. Akanipa bonang, akasema nirudishe kila kijungu, na habari za mwana wa mfalme nimhadithie siku nyingine, ana kazi.

Nyumbani Lintang akapiga. Murtini akaacha kukaanga, akasikiliza, akanipa tempe ya moto, kipande cha soya, bila kuombwa. Halafu mtoto akaharibu. Akasema sauti si ile ya shule. Kila seti imelinganishwa yenyewe kwa yenyewe, Mjomba, ukichukua kijungu cha hapa ukakipeleka kule vinagombana. Nikamwambia shaba ni shaba. Akaniuliza kama kweli niliwahi kupiga. Ni uchovu tu. Nimemsamehe.

Ijumaa, 8 Machi
Shuleni bado hapati nafasi. Anapigia hapa, vijungu vya Mbah, mpaka anasinzia kwenye sahani. Anasema mikono imeshajua njia, masikio ndiyo yatapata taabu kesho kuzoea vya shule.

Hapo nikaona mwanya. Kwa nini yapate taabu? Shule imekodi viti vyangu kwa ajili ya wageni. Nitaingia mapema na mkokoteni. Sijamwambia. Nataka ashangae.

Jumamosi, 9 Machi
Alishangaa.

Mlinzi alikwenda kununua kahawa. Nikatoa vijungu vya shule, nikapanga vya Mbah juu ya fremu ileile, vya shule nikavitia kwenye magunia chini ya mkokoteni. Nikasikia mlinzi anarudi. Kwa haraka nikaruka ngoma iliyokuwa njiani, nikapita juu yake. Juu ya ala, ambazo kwetu hazirukwi, mimi, mtu mzima, tena na viatu. Mlinzi aliniona. Alinitazama kana kwamba nimekanyaga kaburi la babu yake.

Watahini wakaketi. Zamu ya Lintang ikafika. Gong ikalia, wenzake wakaingia, naye akaingia, na ukumbi ukawa kama harusi mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja. Mtahini akashika shavu kama mwenye jino bovu. Lintang akaacha kupiga. Akavitazama vijungu, akanitazama mimi.

Mwalimu wake, Bu Wigati, akauliza nani amegusa ala. Lintang akasema hajui. Anajua sana. Akaomba tu arudishiwe vya shule. Viko wapi, hakuna aliyejua, isipokuwa mimi, na Tukijo. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti changu, akasema kwa upole labda mtu achungulie chini ya mkokoteni wa viti.

Mwanawe ndiye aliyenisaidia kubeba. Ukumbi mzima unangoja, mimi napanga, Lintang ananielekeza kwa sauti ndogo. Hapana Mjomba, hicho kule. Hicho nacho kule. Basi, Mjomba, kakae tu.

Akapiga. Mwanzoni alikosa kijungu kimoja. Baadaye sikuangalia, niliangalia viatu vyangu.

Ijumaa, 15 Machi
Amepita. Si katika wa juu, ila chuo cha sanaa kimemchukua. Wamesema ana woga mwanzoni, lakini sikio analo. Murtini akarudisha begi juu ya kabati, kisha akalala mchana, jambo ambalo sijaliona tangu afiwe na mumewe. Lintang akaja kukaa nami kizingitini. Nikamweleza kwamba bila mpango wangu hilo sikio lisingejulikana. Akasema hana nguvu ya kubishana. Akaegemea bega langu, usingizi ukamchukua hapo hapo.

Mimi nikabaki nikifikiri kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Ni ile ngoma. Niliruka juu ya ala, ala zikaudhika, sauti zikagombana. Lakini jana ilikuwa Alhamisi, siku ya desturi ya kuiwekea gong ya shule maua, nikapeleka ya kwangu na ubani, nikaomba radhi. Yamekwisha.

Tukijo anamwoza binti yake mwezi ujao, anatafuta gamelan. Nimemwambia aniachie mimi. Nusu nitaazima kwa Mbah Karso, nusu shuleni, zipigwe pamoja, zisikike mpaka mji wa Klaten. Na safari hii nitazunguka, sitaruka ala yoyote.