Karata za Kukwepa Hotuba

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Babu anastaafu, sherehe ni Jumapili hapa kwetu, na mama ametangaza kwamba mjukuu mmoja atasimama aseme machache. Mbele za watu! Shuleni nimefundishwa lugha mbili na zote hunitoroka nikitazamwa. Mama kasema tukubaliane wenyewe: mimi, mdogo wangu Kitinda, au Pengo, binti wa mjomba, aliyeng'oka meno ya mbele. Nikapendekeza karata. Atakayeshika mkia Jumamosi ndiye msemaji. Wakarukaruka kwa furaha. Maskini! Hata kuhesabu wanabahatisha.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewafundisha. Karata zinalazwa kifudifudi sakafuni, unafunua mbili. Zikifanana ni zako, zisipofanana unazirudisha. Kitinda alifunua tano na sita akadai ni ndugu. Pengo alifunua nne mfululizo, akalia alipoambiwa angoje zamu. Nimewachapa vibaya. Mama akapita, akasifu nilivyo na subira na watoto. Nikainamisha uso. Laiti angejua!

Alhamisi, 7 Agosti
Mambo yanaharibika. Kitinda sasa anahesabu jozi zake kwa sauti, haruki namba. Pengo anakalia mikono yake mpaka zamu yake ifike. Na wanakumbuka! Mfalme wa shupaza yuko karibu na mguu wa meza, wananong'onezana, utadhani walimficha wao. Mimi nakumbuka aibu zangu zote tangu darasa la tatu, ila karata, wapi! Wamenishinda. Jioni nimekunja pembe za wafalme, kidogo tu. Sirudi nyuma.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya kuamua. Pembe zote zimekunjwa! Wafalme, mabibi, mpaka tatu ya pau. Kitinda akaeleza kwamba aliona baadhi zimeumia, akazilinganisha zote ili zisichekane. Nimeambulia jozi mbili. Nikadai turudie. Pengo akanipapasa bega: "Pole, kaka. Hata mimi nilikuwa nalia. Utazoea."

Jumapili, 10 Agosti
Nilisimama. Nikasema "Babu", basi, ulimi ukaganda. Mjomba akaanza utani wake, eti kijana kaiacha sauti kitandani? Pengo akamrukia: "Baba, si zamu yako!" Kitinda akawakazia macho wageni mmoja mmoja mpaka sebule ikatulia. Wakaningoja. Nikasema Babu alinifundisha baiskeli akikimbia nyuma yangu, ameshikilia kiti, na kwamba sasa apumzike. Babu akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Makofi! Na mama, kwa furaha, akatangaza kwamba kwenye harusi ya mama mdogo pia nitasema mimi.

Thubutu! Kosa lilikuwa karata. Nimeazima drafti kwa kinyozi. Mchezo wa watu wazima ule, watoto watauwezea wapi? Somo la kwanza limekwisha. Pengo ameomba tu nimwonyeshe tena jinsi ya kula kete tatu kwa mpigo.