Kasi ya Mtu Anayeongea Lakini Haimbi

Kwako Dada Muuguzi wa Kliniki ya Presha,

KUH: KIPIMO CHAKO CHA KUONGEA NA KUIMBA KUNIONEA MIMI BINAFSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule mnadi wa samani kuukuu, mnene, ambaye mkanda wako wa kupimia presha ulimzunguka mkono kwa shida kisha ukafunguka wenyewe. Mnadani wananiita Spika, si kwa cheo bali kwa makelele. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekaa, kama ilivyo kawaida yangu.

Utakumbuka maneno uliyoniambia mbele ya mke wangu: "Baba, kila siku tembea haraka nusu saa. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ndiyo kasi yako. Ukiweza kuimba, unajidekeza, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza." Mke wangu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa funguo za gereza, na mfungwa amesimama hapohapo. Tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu zifuatazo:

1. Kipimo cha kuongea hakinifai. Kazi yangu ni kuongea bila kuvuta pumzi. Naweza kunadi kabati la milango mitatu, meza na viti vyake vyote, kabla mteja hajamaliza kupiga chafya. Siku ya kwanza tulipopanda kilima cha nyuma ya soko, miguu ilikuwa inatetemeka na macho yanaona nyota, lakini mdomo ukawa unaendelea kusimulia habari za friji niliyoiuza mwaka juzi. Mke wangu akasema, "Si unaongea vizuri tu? Basi tuongeze mwendo." Dada, mdomo wangu haujui hali ya mwili wangu. Haijawahi kushauriana hata siku moja, na ukiuliza mnadani watakuambia haujawahi kushauriana na akili pia.

2. Kipimo cha kuimba hakinifai hata kidogo. Sijawahi kuweza kuimba. Shuleni mwalimu wa kwaya alinisikiliza mara moja, akanipa kazi ya kupanga viti, na nadhani ndipo nilipoanza kupenda samani. Siwezi kuimba nikitembea, siwezi nikikaa, siwezi hata nikiwa bafuni na maji yanamwagika kunisaidia. Sasa, ikiwa mtu anayeweza kuongea na asiyeweza kuimba yuko kwenye kasi ya wastani, basi mimi niko kwenye kasi ya wastani tangu nilipojua kuongea, pamoja na muda wote ninaolala kwenye kochi. Hoja hii nilimweleza mke wangu nikiwa hapohapo kwenye kochi. Akanirushia viatu, kimoja baada ya kingine.

3. Ulinifundisha pia kuweka vidole shingoni na kuhesabu mapigo ya moyo. Ukasema tuchukue mia mbili na ishirini, tutoe umri wangu, tupate kikomo, kisha nitembee mpaka mapigo yavuke nusu ya kikomo hicho, yasizidi sana. Nimegundua kwamba nikiona mama mkwe anapiga simu, mapigo yanafika palepale unapopataka kabla sijainuka. Juzi tuliongea kwa kirefu kuhusu kitanda chake nilichoahidi kukipigilia misumari. Nilitoka jasho mpaka kola ikalowa. Naomba mazungumzo hayo yahesabiwe. Tena, kwa hesabu hiyohiyo, umri ukipanda kikomo kinashuka. Kwa hiyo naomba kwenye kadi yangu niandikiwe umri wa marehemu babu. Nimepiga hesabu: nitakuwa namaliza mazoezi yangu wakati wa kupiga mswaki.

4. Mwisho ulisema nijipe alama mwenyewe, sifuri ikiwa kukaa na kumi ikiwa siwezi tena, nami nilenge tano au sita. Nilijipa nane kufika getini. Mke wangu akanipa mbili. Tulipobishana, tukaenda kwa jirani yetu, fundi cherehani, ambaye hushona barazani na alikuwa ametuona tangu tulipotoka. Akatoa pini mdomoni akasema, "Samahani, kumbe mlikuwa mmeshaanza? Nilidhani mzee anamsubiri mtu."

Kwa hayo yote, naomba uniandikie cheti kwamba kunadi samani ni zoezi zito, kwamba kochi ni sehemu ya tiba, na kwamba nisipandishwe tena kilima. Cheti kiwe na muhuri, kwa kuwa mke wangu haniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingejiamini.

Nisalimie daktari, yule binti wa mapokezi, na wagonjwa wenzangu wote pale kwenye benchi, hasa wale wanaoweza kuimba.

Wako mtiifu, kwa kadiri pumzi inavyoruhusu,

Mnadi (Spika)

Tanbihi: Nilitaka barua hii iletwe na mtu wa pikipiki, lakini mke wangu akasema tuilete wenyewe, kwa miguu, kupitia kilimani. Hakujua kilichomo. Katikati ya kilima akaniuliza, "Unajisikia unavyohema ukiinama kuokota kitu?" Nikafungua mdomo nimjibu, neno halikutoka. Hata moja. Nikapunguza mwendo kama ulivyoelekeza, naye akapunguza. Na kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kumkatiza, akasema mpaka akamaliza: kwamba nikienda mnadani anashinda na simu mkononi, hata akienda kuanika nguo, asije akapigiwa kwamba nimeanguka, akaikosa. "Nakuogopea," akasema, "na wewe hunyamazi nikwambie." Tumeoana miaka mingi, nilikuwa silijui hilo. Nimemshika mkono mpaka kileleni.

Basi, dada, kipimo chako ni sahihi na mimi ni mjinga. Usiandike cheti chochote. Kesho asubuhi tunapanda tena. Barua ningeichana, ila nimeona nikuachie kwa mlinzi wa geti la kliniki hivyohivyo, ili ujue unatibu mtu wa namna gani.