Mhifadhi Mkuu wa Kurasa za Filamu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Siku kubwa. Mwalimu Prisca, wa chuo kimoja Iringa, amepiga simu. Anakusanya kurasa za zamani za mtandao: zilizotangaza filamu kubwa, na zile za mashabiki. Amesikia kwamba enzi zile nilikuwa na intaneti kafe Mbeya. Nimemwambia amefika. Ninayo yote kwenye kompyuta: mabango, trela, hata ukurasa wetu wa mashabiki wa filamu za majitu ya chuma, uliokwisha kufutika mtandaoni. Niliutengeneza peke yangu, nikasema. Mke wangu Bibie akauliza, na Saulo je? Nikamjibu Saulo alikuwa kijana wa kushinda kafe, alichora tu. Prisca atakuja hapa Rujewa Alhamisi.

Jumanne, 4 Juni
Kompyuta imegoma kuwaka. Fundi Ezron anasema diski imekufa. Akauliza nakala ziko wapi. Swali la kuudhi. Nakala anazo Saulo tu, huko Chimala, anakokoboa mpunga.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda Chimala na mpango. Nimemwambia Saulo nina hamu ya kuzitazama zile CD zetu. Prisca sikumtaja. Amezitoa kwenye sanduku la nguo, zimefungwa kwa kanga ya marehemu mama yake zisiharibiwe na jua.
“Chukua, kaka,” akasema. “Nilidhani hakuna atakayeziulizia tena.”
Njiani nilijisikia vibaya. Kufika nyumbani, nimeshapona.

Alhamisi, 6 Juni
Nimevaa koti. Ukurasa ukafunguka kwenye kompyuta ya Prisca, majitu yakatembea kwenye kioo, Prisca akashika mdomo. Halafu akashuka mpaka chini kabisa, akasoma: “Kazi yote: Saulo. Umeme na chai: Bushiri.”
Bushiri ndiye mimi. Bibie akatoka nje kucheka. Prisca akataka namba ya Saulo. Nikaitoa.
Saulo akaja na pikipiki, suruali imejaa pumba. Nikasubiri aibu yangu. Yeye akamwambia Prisca kwamba bila mimi ukurasa usingekuwepo.
“Kafe zote zilinifukuza,” akasema. “Huyu alinipa kiti.”
Nikaenda kumchemshia chai.

Jumamosi, 8 Juni
Ukurasa unafunguka tena mtandaoni, una majina yetu sote wawili! Nimewaonyesha majirani wote. Saulo ameniachia CD nyingine, ambazo Prisca bado hajazinakili. Amenisihi nizitunze. Mtu sahihi kabisa. Nimejipa cheo: Mhifadhi Mkuu. Nimezitundika dirishani kwa uzi, upande wa jua kali, zing'ae mpaka barabarani, wapita njia wajue hapa anaishi nani.