Picha ya Lowell na Ng'ombe wa Tuzo

Jumamosi ile, kwenye meza ya dirishani mkahawani kwa Ardis, habari ilikuwa moja tu: kampuni ya kutunza picha imekiri kwamba albamu za wateja zimechanganyika, mtu anafungua harusi yake anakuta mbwa wa watu. Kampuni yenyewe ndiyo waliyoifanyia kazi wote watatu waliokaa mezani hapo. Duane, jina la kijiweni Chapuchapu kwa sababu kila programu aliyoandika lazima ikimbie, alikuwa ameinamia donati lake kama analitafutia kosa.

"Haya, tueleze," alianza Prakash, ambaye wenzake humwita Profesa. "Hiyo mashine yako ya kubaini picha zinazojirudia inafanyaje kazi? Sisi wengine washamba."

Duane akajieleza, maana angekwenda wapi. Ni hashi ya kasi, alisema, yaani hesabu ya kuipa kila picha namba: inameza picha vipande vipande, baiti nne nne, kila tonge inalizidisha kwa namba kubwa, inazungusha biti, inakoroga, mwisho inatema namba moja. Picha mbili zikitoa namba moja, ni picha ileile. Ya pili haihifadhiwi, mwenyewe anaonyeshwa ya kwanza, nafasi inaokolewa. Tena inakimbia kweli, akaongeza, na hapo sauti ikampanda kidogo kwa fahari.

"Namba ziko ngapi?"

"Bilioni nne na ushee."

"Na picha?"

Duane akanywa kahawa kwanza. "Bilioni sita."

Profesa akapiga meza, akauliza kama kwao Duane watu sita hukaa viti vinne bila kupakatana. Hashi ya namna hiyo ni ya kupangia vitu kabatini, akasema, si ya kuapia. Namba zikifanana unazifungua picha zenyewe, unalinganisha baiti kwa baiti. Mistari miwili tu ya msimbo. Duane alikuwa ameifuta kwa mkono wake, eti inachelewesha.

"Na nani aliipitisha kazi hiyo?" Profesa akauliza, huku akijua fika.

Lorna, mwenzao wa tatu, aitwaye Mkaguzi, alikuwa anahesabu vigae vya dari. Aliupitisha msimbo huo kwa maneno mawili, "Naona sawa," mistari mia tisa kwa sekunde arobaini.

"Nilikuwa na kikao," akasema. "Halafu kwa nje ulipendeza."

Walikuwa bado wanacheka Ardis alipokuja na simu yake. Ni Duane aliyemshawishi mama huyo mwenye mkahawa apeleke picha zake zote kwenye kampuni hiyo, na za karatasi azitupe.

"Duane, mwanangu, hebu niangalizie. Hapa alikuwa Lowell."

Lowell alikuwa mumewe, marehemu mwaka wa tatu sasa. Kwenye skrini alisimama ng'ombe mwenye utepe wa bluu shingoni. Duane angeweza kusingizia mtandao, na Ardis angemwamini.

"Harudi, mama. Picha yake haikuhifadhiwa kabisa, programu ilidhani inayo tayari. Niliiandika mimi."

Ardis akamtazama tena yule ng'ombe. "Yaani imemwona Lowell na ng'ombe, ikasema ni kitu kimoja."

"Ndiyo."

"Hata kutazama haikutazama."

"Haikutazama."

Akamwekea simu mbele yake, akalisogeza donati pembeni. "Humu zimo elfu kumi na moja. Nataka kujua nani mwingine kapotea. Kagua moja moja, kwa macho yako."

Ghafla Profesa na Lorna wakakumbuka wana shughuli mjini. Duane akajifuta sukari vidoleni, akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Polepole," Ardis akasema kutoka kaunta.